Glia: seli saidizi za mfumo wa neva

Glia ni jina la pamoja la seli zinazozizunguka nyuroni, yaani seli za neva zinazobeba ujumbe, na kuziwezesha kufanya kazi. Neno hili lina asili ya Kigiriki na maana yake ni gundi, kwa kuwa Rudolf Virchow, tabibu wa Ujerumani aliyelitumia mwaka 1856, aliziona kama kitu cha kuzishikamanisha nyuroni tu. Katika Kiswahili huitwa seli saidizi, jina ambalo naliona linazipunja, maana idadi yao katika ubongo wa binadamu inakaribia ile ya nyuroni zenyewe.

Ndani ya ubongo, astrosaiti, zenye umbo la nyota, hushikana na mishipa ya damu, huzipatia nyuroni lishe na kufyonza kemikali zinazobaki baada ya ujumbe kupita. Maikroglia hulinda na kufagia: humeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Oligodendrosaiti huzifunika nyuzi za neva kwa utando wa mafuta uitwao mayelini.

Nje ya ubongo na uti wa mgongo, kazi hiyo ya kufunika hufanywa na seli za Schwann. Kila moja hujiviringisha mara nyingi juu ya kipande kimoja cha uzi wa neva, kama jani la mgomba linavyoviringishwa juu ya matoke, kisha huachwa pengo dogo kabla ya seli inayofuata. Ujumbe huruka kutoka pengo hadi pengo, na katika nyuzi nene unaweza kufikia mita 100 kwa sekunde, ilhali katika nyuzi zisizo na mayelini hauzidi sana mita 1 au 2.

Sisi wa Uganda tuna sababu ya kuzijua seli hizi, kwani ndizo anazozivamia bakteria wa ukoma, ugonjwa uliofanya kisiwa cha Bwama katika Ziwa Bunyonyi kiwe makazi ya wagonjwa kwa miaka mingi. Bakteria huyo hupenda sehemu zenye ubaridi, kwa hiyo huathiri neva zilizo karibu na ngozi, kama ile ipitayo nyuma ya kiwiko, ambayo mhudumu wa afya huipapasa kwa vidole kuona kama imevimba. Mgonjwa anaweza kuinua sufuria ya moto kutoka jikoni na asijue kwamba ameungua mpaka aone lengelenge.

Kwa kawaida neva ya mkono au mguu ikikatika, seli za Schwann husafisha mabaki na kujipanga mstari, na uzi mpya huota ukizifuata, takriban milimita 1 kwa siku. Katika ukoma, seli hizo zinazopaswa kuonyesha njia ndizo zilizougua. Ndiyo maana dawa huua bakteria na kumponya mgonjwa, lakini hisia iliyokwisha kupotea vidoleni mara nyingi hairudi.