Maji yako wapi saa nne asubuhi?

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nije mwezi gani kuzamia? Anayeuliza huwa ameshasikia kwamba kaskazi ni wakati wa maji masafi, kusi ni wakati wa mawimbi, na masika ni wakati wa kukaa nyumbani. Si uongo. Lakini nimewaona watu wakija Januari, kaskazi imekolea, wakashuka kwenye mwamba wa mita 12 wasiyaone hata mapezi ya mwenzao aliye mbele. Nimeona pia Julai, kusi inavuma kwelikweli, na upande wa kisiwa cha Misali, Pemba, maji ya buluu mpaka chini. Msimu unakupa nusu ya habari. Nusu nyingine iko kwenye maji yenyewe: ni bamvu, yaani kupwa na kujaa kukubwa, au maji mafu, yaani kupwa na kujaa kudogo, na saa unayoruka kutoka botini yanajaa au yanakupwa.

Pwani yetu, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hujaa takriban dakika 50 baadaye kuliko jana. Hilo kila mvuvi analijua. Wanaokuja kuzamia hawalitazami sana jambo linalofuata hapo: ukihesabu kwa umri wa mwezi badala ya kalenda ya ukutani, saa zenyewe hujirudia. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunapata bamvu. Siku hizo na moja mbili zinazofuata, maji hujaa kabisa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ndiyo maana asubuhi za bamvu utawaona kina mama na vijana wametawanyika mwambani na vijiti vyao wakitafuta pweza. Mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu, na saa zinageuka: maji yamejaa saa nne asubuhi, au saa tano.

Sasa weka juu ya hayo desturi ya boti zetu. Karibu zote huondoka saa mbili au saa tatu asubuhi, kwa sababu nzuri: upepo bado haujapanda, bahari imelala, na abiria hawatapiki. Lakini tazama linalotokea siku ya bamvu. Unaingia majini saa tatu na nusu, na maji yamekuwa yakikupwa tangu alfajiri. Yanayokupwa yametoka wapi? Yametoka mikokoni, kwenye hori zinazoingia ndani ya nchi kavu, kwenye fungu za mchanga na majani ya bahari. Yamebeba tope laini, majani yaliyooza na mchanga uliotifuliwa, na yote hayo yanapita juu ya mwamba wako yakielekea bahari kuu. Kufikia saa tatu na nusu mkondo umeanza kulegea, kwa hiyo mtu anadhani amebahatika, kumbe uchafu wote ndiyo kwanza umemfikia. Mahali kama Watamu, pwani ya Kenya, ambako hori ya Mida inapumua kupitia mlango mmoja, tofauti ya maji yanayotoka na yanayoingia unaiona hata ukiwa juu ya boti: mstari wa kijani upande huu, buluu upande ule.

Siku ya maji mafu mambo ni kinyume. Saa tatu na nusu maji yanakaribia kujaa. Yaliyo juu ya mwamba yametoka bahari kuu, mkondo ni mdogo, na upepo bado haujaamka. Mambo matatu mazuri yamekutana asubuhi moja, na yanakutana hivyo mara mbili kila mwezi mwandamo. Kama una wiki moja tu ya likizo na unataka kuona mbali, ipange ili siku ya mwezi nusu iangukie katikati yake, kisha ndiyo uanze kufikiria kama ni Februari au Novemba.

Kuna hesabu ya mabaharia inayoonyesha kwa nini bamvu na maji mafu si jambo dogo. Chukua kimo chote cha maji, kutoka kupwa mpaka kujaa, ukigawe mara kumi na mbili. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza huleta fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwetu bamvu kubwa hufika karibu mita 4. Maana yake saa ya tatu na ya nne maji yanapanda mita nzima kwa saa, na maji yote hayo lazima yapite kwenye milango ya mwamba. Maji mafu ya mita 1.2 hupanda sentimita 30 tu katika saa hiyohiyo. Mlango ni uleule na mwamba ni uleule, ila mkondo mmoja unapigana nao na mwingine hata huuhisi.

Kwa hiyo siku ya bamvu mimi husogeza saa ya kuingia. Kama wenye boti wanakubali, tunaingia mbizi ya kwanza saa saba mchana, maji yakiwa yamekuwa yakijaa kwa muda wa saa tatu na yale machafu yamesukumwa nyuma. Mbizi ya pili ni saa tisa na nusu. Gharama yake ni kurudi nyumbani ukipigwa na upepo wa alasiri, na wengine hawaipendi. Wakikataa, basi twende mwamba wa nje ulio mbali na milango, maana huko maji ya hori hufika yakiwa yamechanganyika sana.

Huko nje pia kuna jambo jingine. Ukishapita ukingo wa mwamba, kupwa na kujaa kunaachia usukani. Unatawaliwa na mkondo wa pwani wa Afrika Mashariki, ambao huenda kaskazini mwaka mzima, angalau mpaka karibu na Malindi. Wakati wa kusi upepo unausukuma kwa mgongo na unakwenda kasi sana. Wakati wa kaskazi upepo unaupinga na unapungua nguvu, lakini uso wa bahari unakuwa na mawimbi mafupi yaliyosimama. Nahodha mzuri anajua hili kwa miguu yake. Mzamiaji anayepanga kurudi kwenye nanga kwa kupiga mapezi dhidi ya mkondo huo mwezi wa Juni atamaliza mtungi kabla hajafika nusu ya njia. Huko tunazamia kwa kuchukuliwa, boti ikitufuata, na kila mtu ana boya lake la ishara la kupuliza. Ukinijia bila boya, nitakuazima.

Mito inaharibu kanuni zote nilizotaja. Mfano ninaoupenda ni Malindi. Mto Sabaki unamwaga tope jekundu kaskazini ya mji. Wakati wa kusi, upepo na mkondo hulichukua kuelekea ghuba ya Ungwana, na miamba ya hifadhi ya Malindi hupumua. Wakati wa kaskazi, msimu uleule unaosifiwa kwa maji masafi, tope linarudishwa kusini moja kwa moja juu ya hifadhi. Mvua za vuli zikinyesha vizuri bara mwezi wa Novemba, Malindi ya Desemba inaweza kuwa chai ya maziwa huku Watamu, mwendo mfupi tu kusini, watu wanapiga picha. Mafia nako ni hivyohivyo kwa sura nyingine: magharibi ya kisiwa inatazamana na delta ya Rufiji, mashariki inatazamana na bahari kuu. Upande ndiyo habari yenyewe.

Pemba inasifiwa kwa sababu hiyohiyo. Kati yake na bara kuna mlango-bahari wenye kina cha mamia ya mita, kwa hiyo tope la bara halifiki kirahisi, na Misali, ikiwa magharibi ya Pemba, imejikinga na kusi nyuma ya kisiwa kizima. Ndiyo ile Julai ya buluu niliyoitaja mwanzo.

Lakini nina ugomvi na watu wanaopima mbizi kwa mita za kuona peke yake. Maji masafi sana ni maji yenye njaa. Mfano mkubwa ni potwe, wale papa wakubwa, wa Kilindoni, magharibi ya Mafia, huko huko kwenye maji yenye weusi wa Rufiji. Kuanzia Oktoba mpaka Februari au Machi wanakula karibu na uso wa maji, vinywa wazi, wakichuja vijidudu na vikamba vidogo sana. Wanakuja kwa sababu ya supu hiyo, na supu hiyo ndiyo inayokuzuia kuona mkia wa samaki wa mita saba aliye mbele yako. Zamani ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha wanahama. Watafiti walipowawekea vyombo vya kutoa ishara za sauti waligundua kwamba wengi hawaendi mbali. Wanasogea kidogo nje na kushuka chini zaidi, basi macho yetu ndiyo yanayowapoteza. Mtu anayekwenda Kilindoni akitegemea maji ya kioo amekosea safari. Na hao hutazamwa kwa kuogelea juu, mitungi iache botini.

Na samaki wa kundi hawapendi maji yaliyosimama. Kolekole, mzia na jodari hukaa penye mkondo, kwenye ncha ya mwamba inapougawa. Asubuhi ya maji mafu ncha hiyohiyo inaweza kuwa na matumbawe mazuri, mikunga kwenye mashimo, kasa mmoja amelala, na samaki wakubwa hakuna. Anayetaka kundi huwa namshauri aje siku mbili tatu kabla ya bamvu, maji yakiwa na nguvu ya kiasi. Mlango wa Kinasi, unaoingia ghuba ya Chole ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ni mahali pa kujifunzia hili kwa heshima. Unaingiwa maji yakijaa, ili mkondo ukupeleke ndani ya ghuba. Yakikupwa, mlango huohuo unakutoa bahari kuu, na hapo hakuna cha mjadala, hatuingii.

Julai hadi Oktoba ongeza masikio kwenye orodha ya vifaa. Nyangumi wa nundu wanapanda kutoka bahari ya Antaktika kuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto, na mara nyingi unamsikia chini ya maji usipomwona. Usizunguke kumtafuta, sauti majini husafiri haraka mno kiasi kwamba masikio yetu hayawezi kukuambia inatoka upande gani.

La mwisho ni joto, na hapa sifa za kaskazi zinageuka kabisa. Agosti maji yetu huwa karibu nyuzi 25, Machi hufika 29 au 30. Kaskazi ikifa mapema na kusi ikachelewa kuleta upepo, bahari inatulia, jua linapenya mpaka chini, na mzamiaji anafurahi. Matumbawe hayafurahi. Joto likizidi kiwango chake cha kawaida cha kiangazi kwa nyuzi moja tu, likakaa wiki kadhaa, yanafukuza mwani mdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha, na yanabaki meupe. Mwaka 1998 pwani hii ilipoteza matumbawe mengi mno kwa namna hiyo. Ikaja 2016. Kisha Aprili 2024 NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, ikatangaza kupauka kwa nne kwa dunia nzima, na sisi tulikuwemo. Kuwa meupe si kufa. Upepo na mawingu yakirudi mapema, yanaweza kurudisha rangi. Mei ile Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania watu waliogopa upepo, na walikuwa na haki. Lakini wanaotazama matumbawe walikuwa wakihesabu nyuzi.

Ukishuka leo kwenye mwamba wa mita tano hadi kumi, tazama nani amebaki. Matumbawe ya matawi ndiyo huondoka kwanza. Yale makubwa ya mviringo, yaliyokaa kama mawe, huvumilia zaidi. Penye pono wengi wanaokwangua mwani, mifupa ya yaliyokufa hubaki safi na vichipukizi vipya hupata pa kushika. Penye nyavu zilizokomba pono, unakuta zulia la mwani. Tena miamba mingine iliyo kwenye maji yenye ukungu kidogo huumia kidogo kuliko ile iliyo wazi juani, kwa sababu mwanga mkali huongeza madhara ya joto. Nikipelekwa kwenye maji ya mita nane za kuona, silalamiki kama zamani.

Basi ukimpigia nahodha simu, usimuulize kama maji ni masafi. Atakujibu ndiyo, hajawahi mtu kujibu hapana. Chukua jedwali la maji la Kilindini (Mombasa), Dar es Salaam au Zanzibar, angalia siku yako, kisha muulize: tunaingia saa ngapi, maji yatakuwa yanafanya nini saa hiyo, mvua imenyesha wapi bara wiki hii, na boti itatufuata au itatia nanga? Anayejibu manne hayo bila kufikiri sana, mlipe pesa yake.