Siku ya Kujitolea Kazini: Nani Hasa Anatoa?

Ukuta ule ulipakwa rangi mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kampuni ya kwanza ilileta watu arobaini wakaupaka rangi ya maziwa. Miezi minne baadaye ikaja nyingine, ikaupaka bluu kwa kuwa bluu ndiyo rangi ya nembo yake. Ya tatu haikuipenda bluu. Msimamizi wa kituo hicho cha watu wenye ulemavu alinisimulia haya kwa upole, bila kumlaumu mtu. Alichokuwa akikihitaji mwaka mzima ni mtu wa kumnyooshea vitabu vya hesabu ili mkaguzi avikubali, na fedha za kumlipa mlinzi wa usiku. Hakuna aliyemuuliza, naye aliona haya kusema. Mgeni akishafika na ndoo ya rangi mkononi, utaanzaje kumwambia huna haja nayo?

Kazi yangu ni kuzikutanisha kampuni kubwa na asasi za hisani, na siku hizi naanza kila kikao kwa swali linalowaudhi kidogo watu wa idara za mawasiliano: katika shughuli hii, nani hasa anatoa? Jibu huonekana jepesi mpaka uanze kufuatilia gharama imemwangukia nani.

Chukua hesabu inayopendwa kuliko zote, ile ya saa. Wafanyakazi 400 wakitoka siku moja ya kazi kwa saa 8, taarifa ya mwaka itaandika saa 3,200 za kujitolea. Lakini mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani wakakubaliana maana ya kazi ya kujitolea: ni kazi isiyo na ujira, isiyo ya lazima, inayofanywa kwa ajili ya wengine. Papo hapo wakaiondoa katika maana hiyo kazi inayofanyika ndani ya muda wa ajira, au katika siku ya ruhusa ambayo mwajiri anailipia. Kwa kipimo hicho, katika zile saa 3,200 hakuna hata moja ya kujitolea. Mshahara wa siku ile umelipwa kama kawaida. Aliyetoa ni kampuni.

Sisemi hivyo kwa kubeza. Muda wa kazi uliolipiwa ni mchango mkubwa, na kampuni inayoutoa ina haki ya kujivunia. Timberland, watengenezaji wa viatu wa Marekani, walianza mwaka 1992 kumpa kila mfanyakazi saa 16 kwa mwaka zenye malipo za kuhudumia jamii, baadaye wakazifikisha 40. Salesforce, kampuni ya programu za kompyuta ya Marekani, ilipoanzishwa mwaka 1999 ilijiwekea kanuni ya kutenga asilimia 1 ya hisa, asilimia 1 ya bidhaa na asilimia 1 ya muda wa wafanyakazi. Dayton, kampuni ya maduka ya Marekani iliyokuja kuwa Target, ilianza mwaka 1946 kutoa asilimia 5 ya faida kabla ya kodi. Ninachokipenda katika ahadi za namna hii ni kwamba zimeandikwa mapema. Hazingoji kuona kiongozi ameamka vipi siku hiyo, wala hazingoji kamera.

Balaa huanza pale mambo mawili yanapochanganywa: kampuni inachukua Jumamosi ya mfanyakazi, siku yake ya kufua na kulala, kisha inaiandika kama mchango wake yenyewe. India wamelichorea mstari jambo hili. Sheria yao ya Kampuni ya mwaka 2013 inazitaka kampuni zinazofikia ukubwa fulani zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida halisi ya miaka 3 iliyotangulia kwa shughuli za kijamii. Serikali ikafafanua kwamba kuwashirikisha wafanyakazi ni jambo jema, ila saa zao za kujitolea haziwezi kuthaminishwa kwa fedha na kuingizwa katika ile asilimia 2. Jasho la mfanyakazi halilipi deni la kampuni.

Kiswahili kina jina la kile kinachotokea mstari huo usipokuwepo: hiari ya lazima. Sote tunaifahamu. Orodha ya waliochanga inabandikwa ukutani, majina na kiasi, na jina lako halipo. Mkuu wa kitengo anapita na bahasha meza kwa meza, anakusimamia huku akitabasamu. Fomu ya tathmini ya mwaka ina kisanduku cha "ushiriki katika shughuli za jamii". Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 29 wa mwaka 1930 unaeleza kazi ya shuruti kuwa ni ile ambayo mtu anaifanya kwa kutishiwa adhabu na ambayo hakujitolea mwenyewe kuifanya. Siku ya kupanda miti haifiki huko, na sitaki nieleweke hivyo. Lakini maswali yale mawili yanafaa kuulizwa hata kwenye upandaji miti: asiyekuja atapatwa na nini, na huyu aliyekuja alikubali lini? Adhabu si lazima iwe barua ya onyo. Utani wa bosi mbele ya wenzako kwenye kikao cha Jumatatu unatosha.

Kwa upande wa fedha sheria ni wazi zaidi. Mkataba Na. 95 wa mwaka 1949 unaohusu ulinzi wa mishahara unasema makato yanaruhusiwa tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mkataba wa pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Tangazo la mkurugenzi kwamba "sote tumekubaliana kuchangia mshahara wa siku moja" halimo katika orodha hiyo. Anayetaka kuchangia ajaze fomu mwenyewe, kiasi akiandike mwenyewe, na awe na haki ya kusitisha mwezi wowote bila kutoa sababu. Na bahasha, kama ni lazima ipite, isishikwe na mtu anayeidhinisha likizo za wenzake. Nimeona kiasi kilichochangwa kikishuka baada ya kanuni hii kuwekwa, na sijawahi kuona kama hasara. Kilichopungua hakikuwa mchango tangu mwanzo.

Makato ya hiari yakiendeshwa vizuri, huzisaidia asasi kuliko shughuli yoyote ya siku moja. Fedha kidogo inayoingia kila mwezi inapangika: msimamizi anajua mlinzi atalipwa. Nchini Uingereza utaratibu huu upo kisheria tangu 1987, na mchango hutolewa kabla ya kodi ya mapato kukatwa. Kwa hiyo anayelipa kodi ya asilimia 20 akitoa pauni 10, mfukoni mwake zinapungua pauni 8 tu. Hapo hata serikali imeingia katika orodha ya watoaji. Pale sheria ya kodi inapokuwa tofauti, mfanyakazi aulize idara ya mishahara kama mchango wake unakatwa kabla ya kodi au baada yake. Mara nyingi hakuna aliyewahi kuuliza, na jibu lenyewe huchukua wiki.

Kisha kuna mchango wa kulinganisha: ukitoa 100, kampuni inaongeza 100 kwa asasi ileile, mpaka kikomo kilichowekwa. General Electric ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza. Mwaka 1954 ilianza kulinganisha michango ya wafanyakazi wake kwa vyuo walivyosoma. Ni utaratibu mzuri kwa sababu mfanyakazi ndiye anayechagua na kampuni inamfuata. Udhaifu wake uko kwenye makaratasi. Mfanyakazi asipotuma risiti na ombi kabla ya tarehe ya mwisho, ile nusu ya kampuni hailipwi, na bajeti iliyotangazwa kwa mbwembwe inarudi hazinani kimyakimya. Ukitaka kujua kampuni ina nia gani, usiulize imetenga kiasi gani. Uliza mwaka jana ilitumia kiasi gani cha kilichotengwa, na fomu ya maombi ina kurasa ngapi.

Sasa nigeukie upande wa mpokeaji, ambako ndiko swali langu huleta jibu lisilotarajiwa. Watu arobaini wakija kwa siku moja, kituo kinalazimika kuahirisha ratiba, kumtoa fundi wa kuwaelekeza, kutafuta glavu na maji, kuwaandaa wahudumiwa, na kesho yake kurekebisha kilichopakwa vibaya. Nimekaa na mhasibu wa asasi moja tukajumlisha gharama hizo mstari kwa mstari. Mwisho ilionekana wazi kwamba siku ile asasi ndiyo iliyoifadhili kampuni. Tangu hapo nashauri kila siku ya kujitolea iambatane na fedha za kuilipia siku yenyewe. Isipowezekana, ni heri isiwepo.

Kwa vitu, mambo huwa mabaya zaidi. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Armenia Desemba 1988, zilitumwa takriban tani 5,000 za dawa na vifaa tiba. Ilihitajika kazi ya watu 50 kwa miezi 6 ili kujua tu kilichopokelewa ni nini. Asilimia 8 ya dawa zilifika zikiwa zimekwisha muda, na asilimia 4 ziliharibiwa na baridi kali. Mikasa kama hii ndiyo iliyolifanya Shirika la Afya Duniani kutoa mwongozo wa misaada ya dawa mwaka 1996, unaotaka kwa kawaida dawa ibaki na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha inapowasili. Kanuni hiyo naitumia hata kwa kompyuta chakavu na nguo za mitumba: kama usingemuuzia mteja, usimpe msimamizi wa kituo kazi ya kukitupa.

Damu nayo ina somo lake, na ni somo la kalenda. Chembe nyekundu za damu huhifadhika kwa takriban siku 42, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa siku 5 hadi 7 tu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani walipanga foleni ndefu kuchangia, na sehemu ya damu ile iliishia kumwagwa kwa kuwa waliohitaji kuongezewa hawakuwa wengi kiasi hicho. Kampuni yenye wachangiaji 600 hufurahia kuwatoa wote kwa mkupuo, ipate picha moja kubwa. Benki ya damu ingependelea makundi manne, kila moja na msimu wake, na hasa wakati wa likizo ambapo wachangiaji hupotea. Piga simu kwanza, uulize ni wiki gani rafu zao huwa tupu.

Kuhusu vituo vya watoto nitasema kwa ukali. Ziara ya wafanyakazi kwenye nyumba ya yatima, yenye zawadi, nyimbo na picha za kukumbatiana, ndiyo shughuli inayoombwa zaidi na ndiyo ninayoikataa zaidi. Mwaka 2009 shirika la Save the Children liliripoti kuwa angalau watoto 4 kati ya 5 wanaoishi katika vituo hivyo wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Wengi wamefikishwa huko na umaskini, na kituo kinachovutia wageni wenye zawadi hupata sababu ya kuwa na watoto wengi zaidi. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, likizitaka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara ya programu za kujitolea katika vituo vya yatima, zikiwemo za utalii. Mtoto anayejifunza kumzoea mgeni asubuhi na kuagana naye jioni, wiki baada ya wiki, halipwi na mfuko wa pipi. Fedha zilezile zingeweza kumlipia ada akiwa kwao, kwa bibi yake, bila mtu yeyote kumpiga picha.

Basi kampuni kubwa itoe nini? Mara nyingi itoe kile ambacho asasi haiwezi kukinunua: ujuzi. Wanasheria wa kupitia mikataba ya pango, wahasibu, mafundi wa mitambo, watu wa ununuzi wanaojua kubembeleza bei. IBM ilianzisha mwaka 2008 programu ya kupeleka timu ndogo za wafanyakazi kwa takriban mwezi mmoja kufanya kazi na serikali na asasi katika nchi zinazoendelea, kila timu ikiwa na tatizo maalumu la kushughulikia. Hatari yake naijua pia. Timu inaondoka imeacha mfumo mzuri wa kompyuta ambao hakuna aliyebaki anayejua neno lake la siri. Kabla ya kukubali msaada wa namna hiyo, asasi iulize nani atapokea simu mwaka unaofuata.

Uhakiki wa asasi sitauongelea sana. Usajili uwe hai, hesabu ziwe zimekaguliwa, akaunti ya benki iwe ya jina la asasi wala si la mwenyekiti, risiti itoke. Ikikosekana mojawapo, ngoja. Ila asasi ikishapita hapo, isifungwe mikono kwa kupewa fedha za rangi peke yake. Umeme na mishahara navyo ni huduma.

Nilirudi kwenye kile kituo mwaka jana. Ukuta ulikuwa bado na rangi ya kampuni ya tatu, umeanza kubanduka kwenye pembe. Vitabu vya hesabu vilikuwa vimenyooka. Mhasibu mmoja aliyekuja na kampuni hiyo alirudi baada ya wiki mbili peke yake, bila fulana ya kampuni, na tangu hapo hupita jioni mbili kila mwezi akitoka kazini. Niliuliza idara yake ya rasilimali watu kama wanalijua jambo hilo. Hawakuwa na rekodi yoyote. Hajawahi kujaza fomu.