Fundi AC wa Mwanga na listi ya imeili elfu kumi

Naulizwa sana hili swali siku hizi: kuna kijana mtandaoni anauza listi ya imeili elfu kumi za wafanyabiashara, iko kwenye Excel, bei ya kutupa, je nichukue nitangaze biashara yangu? Mimi kazi yangu ni domeini (lile jina la biashara linalokuja baada ya @) na imeili za ofisi hapa Kigoma mjini na jibu langu ni hapana, ila acha nieleze maana wengi ukiwaambia hapana tu wanadhani unawabania.

Tuchukue fundi AC na mafriza yuko Mwanga. Wateja wake ni wa Mwanga, Katubuka, Gungu, Ujiji, akijitahidi sana Kasulu. Hizo listi zimejaa watu wa Dar na Arusha, sasa nani wa Sinza atamwita fundi wa Kigoma akamuoshee AC? Na hata wa huku wakiwemo, wengi imeili zao zilifunguliwa siku ile wananunua simu, kijana wa duka ndo alitengeneza ili Play Store ifunguke, paswedi akaiandika kwenye boksi na boksi lilishatupwa zamani. Mtu wa hivyo umuandikie mpaka uchoke hataiona, huyo mtafute kwenye status ya WhatsApp au mfuate dukani kwake.

Hapo umepoteza hela tu. Balaa lenyewe liko kwenye domeini. Ukituma imeili Gmail haiangalii tu umeandika nini, inaangalia pia wewe ni nani. Kuna rekodi zinakaa kwenye DNS, yaani daftari la mtandaoni la domeini yako: SPF inasema seva zipi zina ruhusa kutuma kwa jina lako, DKIM ni saini ya kidijitali inayoonyesha ujumbe haujachezewa njiani, na DMARC inamwambia anayepokea afanyeje kama hizo mbili zimefeli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, ukiwatumia watu wa Gmail lazima uwe walau na SPF au DKIM, na anayefikisha imeili 5,000 kwa siku anatakiwa awe nazo zote tatu pamoja na kitufe cha kujitoa kwa kubonyeza mara moja. Tena wanaokuripoti kwamba ni spamu, yaani imeili taka, hawatakiwi kufika asilimia 0.3. Piga hesabu, kwenye imeili 1,000 ni watu watatu. Watatu tu! Na wewe mwenyewe unajua mkono unavyokuwa mwepesi kwenye kile kitufe ukiona mtu humjui anakuuzia kitu.

Sasa listi ya kununua ndo imejaa anwani zilizokufa, zinagonga mwamba na kurudi, na kila inayorudi inakuchafua. Halafu kuna anwani za mtego, hazina mwenyewe wala hazijawahi kujiandikisha popote, zimeachwa mtandaoni makusudi na wanaofuatilia spamu, ukituma huko umejitangaza mwenyewe kwamba listi umeokota. Na ukiwa kwenye hositingi (seva ya kukodi) ya bei chee mnashea seva moja biashara kibao, jirani akicheza huo mchezo IP, yaani namba ya hiyo seva, inaingia blaklisti ya watuma spamu mnaumia wote. Matokeo yake hayapigi kelele uyasikie: hoteli ambayo ni mteja wako siku zote inaomba profoma, unatuma, inatua kwenye spamu, wao wanaona umewapuuza wanamwita fundi mwingine na wewe hujui hata kilichotokea.

Wengi huu ushauri wa kumwaga imeili wameutoa kwenye video za Wamarekani. Kule sheria yao ya 2003, CAN-SPAM, haikulazimishi kuomba ruhusa kwanza, inataka tu usidanganye, uweke anwani yako halisi na umpe mtu njia ya kujitoa. Kwetu ni tofauti kabisa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mtu awe ameridhia, ujumbe useme mwanzoni kabisa we nani na unataka nini, na awe na njia ya kukataa. Ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina tume kabisa ya kupelekea malalamiko.

Lakini jamani Kigoma sio kubwa hivyo. Wanaofanya kazi kwa imeili huku wanajulikana, hoteli za ziwani, shule binafsi, hospitali za misheni, mashirika yaliyopo Kasulu kwa ajili ya wakimbizi. Unapita mapokezi, unaomba kuongea na wa manunuzi, unamuuliza nikutumie bei zangu? Akisema tuma, basi hiyo imeili ameiomba mwenyewe. Kesho yake unaandika:

"Kichwa: Bei za sevisi ya AC, kama tulivyoongea jana

Habari za kazi dada. Mimi ni yule fundi AC wa Mwanga niliyepita jana mchana. Kuosha AC moja ya ukutani ni elfu 30, gesi inategemea aina, nakuja kuangalia bure. TIN na leseni ninazo, risiti ya EFD natoa. Ukitaka nisikuandikie tena nijibu tu HAPANA."

Imeisha. Hakuna OFA KABAMBE wala PDF nzito ya picha za mashine, huyo dada anasoma kwenye simu kwa bando lake mwenyewe. Hiyo risiti ya EFD, ya mashine ya TRA, usiisahau, kwa mashirika bila risiti hata uwe fundi wa namna gani hawakugusi. Asipojibu mkumbushe mara moja, labda mwezi wa tisa joto linapopanda, akinyamaza tena muache.

Halmashauri na taasisi za serikali usijisumbue kuwaandikia, tangu 2023 manunuzi yao yamehamia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, nenda ukajisajili huko. Na matawi ya benki, meneja wa hapa atakujibu vizuri tu na atakushukuru, ila mara nyingi mkataba wa AC unasainiwa makao makuu Dar.