Kuuza nyumba unayoishi: KRA haikati 15% ya bei yote

Hapa Mombasa tangu zamani watu wanaambiana ukiuza nyumba yako KRA, yaani mamlaka ya kodi ya Kenya, wanakata asilimia ya bei yote, na kuna wazee wanaogopa kuuza kwa sababu hiyo, jamani si kweli. Ile kodi ya 15% (ilikuwa 5% mpaka mwisho wa 2022) ni ya faida tu. Tuseme ulinunua Kisauni milioni 4, ukaongeza vyumba na kulipa wakili jumla laki 5, sasa unauza milioni 7, faida ni milioni 2.5 na kodi ni 375,000, kwa hivyo risiti za fundi, simiti na mabati weka vizuri. Na kama umeishi humo mwenyewe miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza, hiyo kodi hulipi kabisa. Ulikuwa umepangisha? Basi hapo utalipa.