Je, wajua kwa nini timu za wanawake Afrika hufuzu kwa mechi nne tu?

Tuanze na hesabu. Taifa Stars, timu ya wanaume ya Tanzania, ilicheza mechi 6 za makundi kutafuta nafasi ya AFCON ya 2025, yaani fainali za mataifa ya Afrika kwa wanaume. Mbali na hizo ilikuwa na safari nyingine ya kusaka Kombe la Dunia la 2026, ambako CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilizigawa nchi katika makundi 9, na ratiba ya kawaida kwa kila timu ilikuwa mechi 10. Jumla yake ni mechi 16 za ushindani kwa mtu ambaye kundi lake halikuvurugika.

Twiga Stars, timu ya wanawake ya Tanzania, nayo ilikata tiketi ya fainali za mataifa ya Afrika kwa wanawake, yaani WAFCON 2026 kule Morocco, kwa mechi 4. Mbili ilicheza na Guinea ya Ikweta Februari 2025, mbili na Ethiopia Oktoba mwaka huohuo. Na mechi hizo nne zilibeba mambo mawili kwa mpigo, kwa sababu upande wa wanawake Afrika haina mchujo wa pekee wa Kombe la Dunia. WAFCON yenyewe ndiyo mchujo. Timu nne zinazofika nusu fainali zinakwenda moja kwa moja Brazil 2027, na zinazotolewa robo fainali zinagombea nafasi mbili za kwenda kwenye mchujo wa mabara. Ukikosa WAFCON, Brazil umeikosa.

Matokeo ya mpango huu yanashangaza ukiyatazama kwa utulivu. Februari 2025 Harambee Starlets, timu ya wanawake ya Kenya, ilitoka suluhu ugenini na Tunisia, kisha ikashinda 1-0 nyumbani. Bao moja katika dakika 180, na Tunisia ikawa imeaga Kombe la Dunia lililobakiza zaidi ya miaka miwili kuanza. Mwezi huohuo Uganda ilitolewa na Ethiopia, na Rwanda ikatolewa na Misri. Wachezaji wa nchi hizo walikuwa hawajui hata Brazil itawapeleka watu kwenye viwanja gani, na kwao habari ilikuwa imekwisha.

Kwa nini basi wanawake wachezeshwe mtoano wa nyumbani na ugenini, wakati wanaume wanapewa makundi?

Sehemu ya jibu ni urithi. Kombe la Dunia la kwanza la wanawake lilichezwa China mwaka 1991 na timu 12, na Afrika ilipewa nafasi moja. CAF ikahitaji njia ya kumpata huyo mmoja, na njia rahisi ilikuwa kuzikutanisha timu mbilimbili, mshindi asonge. Hakukuwa na nchi mwenyeji wala wiki tatu za mashindano; hata fainali ilikuwa ya mikondo miwili, Nigeria ikaifunga Cameroon. Mwaka 1995 ikawa hivyohivyo, Nigeria ikaibwaga Afrika Kusini. Ni mwaka 1998 tu, Nigeria ilipokuwa mwenyeji, ndipo fainali zilipoanza kuchezwa katika nchi moja. Raundi za awali zikabaki na sura ile ya zamani, na zimebaki nayo mpaka leo.

Lakini urithi peke yake haudumu miaka thelathini. Kinachoushikilia mfumo huu, kwa maoni yangu, ni hofu ya timu kujitoa.

Chukua msimu wa kufuzu WAFCON 2022. Kenya iliichapa Sudan Kusini jumla ya mabao 15-1 mwezi Oktoba 2021, ikawa inasubiri kukutana na Uganda kwenye raundi ya mwisho. Mechi hizo hazikuchezwa. Soka la Kenya lilikuwa kwenye mgogoro, shirikisho limevunjwa na serikali na kamati ya mpito iko madarakani, timu ikaondolewa mashindanoni. Februari 2022 FIFA ikaifungia nchi nzima. Uganda ikaenda Morocco bila kupiga mpira hata mmoja katika raundi ile. Ni ushindi wa mezani, hauna utamu, lakini angalia jinsi jambo lilivyoisha haraka: mmoja katoka, mwenzake kapita, hakuna timu ya tatu iliyoumia.

Kwenye makundi kujitoa kwa timu moja kunamgusa kila mtu. Mfano tunao hapahapa nyumbani, ila upande wa wanaume. Kundi la Taifa Stars kwenye kufuzu Kombe la Dunia 2026 lilikuwa na Eritrea, na Eritrea ikajitoa kabla ya mpira kuanza. Kundi likabaki na timu tano wakati mengine yana sita. Ulipofika wakati wa kulinganisha washindi wa pili wa makundi yote, ilibidi matokeo dhidi ya timu za mkiani kwenye makundi mengine yafutwe ili hesabu zilingane. Watu waliokuwa wamehesabu pointi zao vizuri wakajikuta wanahesabu upya. Sasa fikiria kadhia hiyo kwenye soka la wanawake, ambako nchi kujitoa kwa kukosa fedha, au shirikisho kuingia kwenye mgogoro na timu ya wanawake ikawa ya kwanza kukatwa, ni habari za kila msimu.

Na fedha ndizo zenyewe. Twiga Stars ilipokwenda kurudiana na Togo mwishoni mwa 2023, ilikuwa ni kuvuka bara zima kutoka mashariki mpaka magharibi. Dar es Salaam hadi Lomé hakuna ndege ya moja kwa moja. Unapitia Addis Ababa au Nairobi, unalala uwanja wa ndege au hotelini, na msafara una wachezaji ishirini na kitu, makocha, daktari, mtunza vifaa na viongozi. Hapo hujaweka hoteli za siku kadhaa, posho, na kambi ya kabla ya safari. Mapato ya kufidia hayapo: mechi nyingi za wanawake kiingilio ni bure, na haki za televisheni za raundi za awali si bidhaa inayogombaniwa. Hata zawadi ya mwisho wa safari ilikuwa ndogo kwa muda mrefu. Nigeria ilipotwaa WAFCON 2024, iliyochezwa Julai 2025, ilipata dola milioni 1, mara mbili ya alichopata bingwa wa 2022. Bingwa wa AFCON ya wanaume iliyochezwa mapema 2024 alipewa milioni 7. Mwambie mhasibu wa shirikisho dogo kwamba anahitajika kulipia safari tatu za ugenini badala ya moja, uone kama hatajitoa.

Halafu kuna kalenda. FIFA huweka vipindi maalumu ambavyo klabu zinalazimika kuwaachia wachezaji wao waende timu za taifa. Nje ya vipindi hivyo klabu ina haki ya kukataa, na Twiga Stars ya sasa haiwezi kumudu kukataliwa: Clara Luvanga anacheza Al-Nassr ya Saudi Arabia, na si yeye peke yake aliye nje. Kuanzia 2026 vipindi hivyo kwa wanawake ni vitano kwa mwaka, vimepungua kutoka sita. Mtoano wa mechi mbili unaenea ndani ya kipindi kimoja, wiki moja hivi, kwisha. Kundi la timu nne lingekula vipindi vitatu, na humohumo bado kuna kufuzu kwa Olimpiki, ambako nako Afrika inachezesha mtoano.

Sasa tuje kwenye uwanja wenyewe, maana mfumo huu una ladha yake na nisingependa kuusema vibaya tu.

Septemba 2023, kufuzu WAFCON 2024. Twiga Stars inafungwa 2-0 na Ivory Coast ugenini. Ivory Coast imeshacheza Kombe la Dunia. Tanzania haijaonekana WAFCON tangu 2010. Kwenye mechi ya marudiano Dar es Salaam, Tanzania inarudisha yote mawili. Katika raundi hizi jumla ikiwa sawa huangaliwa bao la ugenini, na hapo hakuna aliyelipata; dakika za nyongeza hazipo, ni moja kwa moja kwenye matuta. Tanzania 4, Ivory Coast 2. Mwezi huohuo Harambee Starlets nayo imefungwa 1-0 na Cameroon, timu iliyofika hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia mara mbili, 2015 na 2019. Jijini Nairobi Kenya ikashinda 1-0, matuta 4-3. Vigogo wawili wametolewa na majirani wawili wa Afrika Mashariki. Katika mfumo wa makundi matokeo yaleyale yangempa kila mmoja pointi tatu, na Cameroon ingekuwa na mechi nyingine nne za kujipanga upya.

Ila ukisogeza kalenda mbele kidogo, utaona mfumo huu ni kisu kinachokata pande zote. Raundi iliyofuata Kenya ilitoka sare ya 1-1 na Botswana nyumbani, ikafungwa 1-0 kule, basi. Iliyoitoa Cameroon ikatolewa na Botswana. Tanzania iliifunga Togo 3-0 Dar, ikaenda Lomé ikachapwa 2-0, ikafuzu kwa jumla ya 3-2. Umewahi kuona watu wanashangilia kufungwa mbili bila? Bao la tatu la Dar es Salaam, ambalo kwenye kundi lingekuwa mapambo tu, ndilo lililotupeleka Morocco.

Ndiyo maana kwenye mtoano timu nyumbani haitosheki na moja. Ukiona kocha anaongoza 1-0 dakika ya 75 na bado anaingiza mshambuliaji, ujue anahesabu marudiano.

Na hiyo "nyumbani" yenyewe si ya uhakika kwa kila mtu. CAF inakagua viwanja, na nchi isiyo na uwanja uliopitishwa hupeleka mechi yake kwa jirani. Kenya ilipoimaliza Gambia Oktoba 2025, 3-1 Nairobi na 1-0 marudiano, mchezo wa pili ulichezwa Senegal. Gambia ilikuwa mwenyeji ugenini.

Fungu la kukosa kubwa kuliko yote lilikuwa la Ghana. Imecheza fainali ya WAFCON mara tatu, lakini kwenye kufuzu 2022 droo iliikutanisha na Nigeria raundi ya kwanza kabisa. Nigeria ikashinda 2-0 Lagos, Ghana ikashinda 1-0 Accra, na Ghana ikakaa nyumbani. Baadaye timu za juu kwenye viwango zikawa zinaruka raundi ya kwanza. Kwa WAFCON 2026 Nigeria ilianzia raundi ya pili, dhidi ya Benin. Inasaidia vigogo wasigongane mapema. Kwa timu ya chini haisaidii kitu.

Hapo ndipo penye shida ninayoiona mimi. Nchi inayotolewa raundi ya kwanza imecheza mechi mbili za ushindani wa bara, kisha inangoja. Rwanda na Uganda baada ya Februari 2025 zilibaki kutegemea mashindano ya ukanda kama CECAFA ya Afrika Mashariki na Kati, yale ambayo Tanzania ilitwaa Juni 2025 kwa kuifunga Kenya 1-0 mechi ya mwisho. Timu haipandi kiwango kwa mechi mbili, na kwa kuwa haipandi, droo ijayo inakutana tena na mkubwa.

Ulaya nayo ilikuwa na tatizo lake, la upande wa pili. Walikuwa na makundi, lakini yamechanganya wakubwa na wadogo, mpaka Novemba 2021 Uingereza ikaifunga Latvia 20-0. (Sisi tusicheke sana, mwezi uliotangulia Algeria iliifunga Sudan 14-0.) UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikaamua kuzipanga timu kwa madaraja matatu, A, B na C, kila mmoja acheze na wa kiwango chake, mechi sita kwa walio wengi, na kuna kupanda na kushuka. Latvia sasa inacheza mechi inazoweza kushinda. Afrika ingeweza kuanza kidogokidogo: zile timu zinazotolewa raundi ya kwanza zipangiwe kituo kimoja kikanda, nchi nne wiki moja, nauli moja tu kwa kila mmoja. Gharama yake haizidi sana ile ya mtoano.

CAF imechagua kufungua mlango kwa juu badala ya chini. Raundi za kufuzu WAFCON 2026 zilipokwisha, Cameroon ilikuwa imetolewa na Algeria, Ivory Coast imetolewa na Burkina Faso, Misri imetolewa na Ghana, na Mali imetolewa na Cape Verde, ambao walikuwa wanafuzu kwa mara ya kwanza. Novemba 2025 idadi ya timu za fainali ikapandishwa kutoka 12 hadi 16, na nafasi nne zilizoongezwa zikapewa walioshindwa raundi ya mwisho wenye viwango vya juu zaidi. Waliorudishwa ni Cameroon, Ivory Coast, Misri na Mali.