Tairi kipara halishiki lami ya mvua

Kila masika, magrupu ya WhatsApp hapa Tanga huzungusha ujumbe uleule: magari ya mashindano hutumia tairi kipara, basi kipara hushika lami hata mvuani. Si kweli. Kipara cha mashindano ni cha uwanja mkavu. Mpira wake laini hunata ukipata moto. Mvua ikizidi, madereva wa Formula 1 huingia kubadilishiwa tairi zenye mifereji ya kutoa maji. Bila mifereji gari huelea, usukani ukawa mwepesi ghafla.

Kinachochanganya ni sura tu: kipara chao kimetengenezwa hivyo, chako kimelika. Chungulia kwenye mifereji ya tairi lako, kuna vinundu vya milimita 1.6. Kashata, yaani mpira wa juu unaokanyaga barabara, zikilingana navyo, tairi limekwisha. Ujumbe huo ukikufikia usiusambaze, hasa kwa anayeelekea Segera na mvua.