Alt-kantri: sikiliza chumba kwanza

Kantri yenyewe huku Kenya haihitaji utangulizi, Jim Reeves na Kenny Rogers na Dolly Parton wamepigwa redioni tangu wazee wetu wakiwa vijana, lakini ukimtajia mtu bendi ya Uncle Tupelo anakuangalia tu. Mi kazi yangu ni kurekodi muziki, kutwa niko na maiki na miksa, kwa hivyo alt-kantri, yaani kantri isiyofuata mkondo wa redioni, mara nyingi ikichanganywa na roki au panki, naisikiliza kifundi, nataka kujua ilirekodiwa wapi, watu wangapi walikuwa chumbani, na nini kiliongezwa baadaye. Na msimamo wangu ni huu: albamu kali za muziki huu karibu zote zilirekodiwa watu wakipiga pamoja, na kasoro zikaachwa palepale.

Mizizi iko mbali, kuna mwimbaji Gram Parsons aliyeingiza bendi ya roki ya The Byrds kwenye kantri na albamu ya Sweetheart of the Rodeo mwaka 1968 (mwaka huohuo akajitoa walipokuwa wanaenda kupiga Afrika Kusini, sababu aliyotoa ni kwamba anapinga ubaguzi wa rangi). Lakini watu wengi huanza kuhesabu na Uncle Tupelo, vijana wa Belleville, Illinois: Jay Farrar, Jeff Tweedy na Mike Heidorn kwenye dramu. Walipenda panki, ile roki ya kasi na makelele, na walipenda nyimbo za zamani za wakulima na wachimba makaa, wakaona hakuna haja ya kuchagua. Albamu yao ya kwanza, No Depression ya 1990, ilibeba jina la wimbo wa kale wa Carter Family, kundi la familia lililoimba kantri ya mwanzo, na baadaye kukawa na jarida zima la muziki huu lililochukua jina hilohilo.

Kwangu lakini ile kali ni ya tatu, March 16–20, 1992. Jina ndo tarehe za kurekodi, siku tano tu, Athens, Georgia, na prodyuza alikuwa Peter Buck, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya R.E.M. Huo ndo wakati Nirvana wameshika dunia na kila bendi inaongeza makelele, hawa jamaa wakazima karibu kila kitu cha umeme wakabaki na magitaa makavu na nyimbo za zamani. Kisha Anodyne ya 1993, iliyorekodiwa Austin, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, fidla na pedo-stili (gitaa la kulaza lenye pedali, lile linalolia kwenye kantri) zinaingia bila kupiga hodi. Mwaka uliofuata wakavunjika. Farrar akaunda Son Volt, Tweedy akaunda Wilco, na ukiniuliza kati ya albamu zao za kwanza za 1995 ipi imeshinda nitakwambia Trace ya Son Volt bila kufikiria, ingawa Wilco ndo walikuja kufika mbali zaidi.

Sasa hapa ndo napenda kukaa. Novemba 1987 Cowboy Junkies, bendi ya Kanada, waliingia kanisa la Holy Trinity mjini Toronto na maiki moja. Moja kwa bendi nzima! Ukiwa na maiki moja huwezi kupandisha gitaa au kushusha dramu baadaye, miksi yako ni miguu ya watu: anayepiga chini anasogea karibu, mwenye kelele anarudi nyuma, mnajaribu mpaka ikae. Margo Timmins anaimba polepole sana, sauti yake ilikuwa inapitia spika pale kanisani halafu maiki ndo inaichukua, kwa hivyo unayemsikia ni yeye pamoja na kuta za kanisa. The Trinity Session ilitoka 1988 na hadi leo nawapigia vijana wanaojifunza kazi hii, hasa wanaoamini bila programu mia huwezi kurekodi kitu.

Nyingine ni Time (The Revelator) ya Gillian Welch, 2001. Karibu yote ilirekodiwa RCA Studio B pale Nashville, na hiyo ndo studio ambayo Jim Reeves aliimbia He'll Have to Go mwaka 1959, Chet Atkins akiwa prodyuza. Kwa Reeves unasikia waitikiaji laini nyuma, kila kitu kimepigwa pasi. Kwa Welch ni yeye na mwenzake David Rawlings tu, magitaa mawili na sauti mbili, zaidi kuna banjo. Sikiliza gitaa dogo la Rawlings linavyokwaruza noti ambazo hukuzitegemea kisha linarudi nyumbani, hamna kitu cha kuificha ile noti, na hawakujaribu.

Kuna moja inayonipinga nayo ni Car Wheels on a Gravel Road ya Lucinda Williams, 1998. Ilichukua miaka, ikarekodiwa upya, ikapitia maprodyuza kadhaa, Steve Earle akiwa mmoja wao, kila mtu akachoka. Kwa hesabu zangu ingetoka imekufa. Lakini sauti yake imebaki na ukungu uleule, anavuta neno mpaka linakatika, na ilichukua Grammy kihalali kabisa. Nadhani yeye alikuwa anatafuta kwa miaka kile ambacho Uncle Tupelo walikipata ndani ya wiki, na hakukubali kuachia mpaka akipate. Kama una muda wa albamu moja tu wikendi hii, chukua hiyo ya Lucinda, anza na wimbo wa pili ambao umebeba jina la albamu, usikilize kwa hedifoni.